Mapasa Wawili, Bâche Moja

Mwaka wa 2009, nikiwa na miaka arobaini na moja, njaa iliingia nyumbani kwangu mchana kweupe, na iliyoileta ni mashine. Mpaka hapo nilikuwa Maître Lofemba, mchoraji wa mabango, na katika Kisangani jina hilo lilitosha. Majina ya mashua zinazoteremka Basoko niliyaandika mimi. Vichwa vya vinyozi, kuku wa kuchoma na chupa za bia kwenye kuta za nganda, yaani baa zetu, ni mkono wangu. Rangi ya ngozi ya mtu nilikuwa naichanganya kwa jicho, ndani ya kopo la nyanya, na mtu akijiona ukutani alicheka kwa aibu kwa sababu ni yeye kabisa. Kisha ikasikika kwamba Mama Asha, mfanyabiashara wa vitambaa wa Mangobo, ameleta kutoka ng'ambo mashine inayotema picha kwenye turubai la plastiki, lile tunaloita bâche, na kwamba bango ambalo mimi nalimaliza kwa wiki, yenyewe inalimaliza kabla chai haijapoa. Kabla mvua za mwaka ule hazijaisha, wateja wangu wote walikuwa kwake. Habari za wazazi wangu, kijiji chao na nani alimwoa nani, sitaziandika hapa. Hazikunilisha mwaka ule, kwa hiyo hazina haki ya kukaa kwenye ukurasa wangu.

Juzi tumemzika Mama Asha. Ndiyo sababu nimeshika kalamu, mimi niliyeacha shule darasa la tano. Kwao hawaweki picha ya marehemu. Walimfunga kitambaa cheupe, wakamswalia, wakamteremsha, jua likiwa bado juu. Mwanamke aliyechapa nyuso za marehemu wa nusu ya mji ameondoka bila uso wake kutundikwa hata kwenye mti. Nikiwa nimesimama pale, mkwe wake mmoja, kijana mwenye viatu vizuri, aliniuliza: "Papa, ni kweli ulikuwa kibarua yake?" Nikamwambia, "Nilikuwa jicho lake." Hakuelewa. Watu wengi wanadhani mwaka ule nilienda kwa Mama Asha kuomba kazi. Nilienda kumtukana.

Niliingia dukani kwake Makiso, katikati ya mji, na brashi zangu mfukoni kama mtu anayekwenda vitani. Alikuwa amesimama mbele ya bango jipya lililotundikwa ukutani, mikono kiunoni, wala hakugeuka. "Maître," akasema, "kabla haujaanza kelele, angalia huyu papa. Unamuona namna gani?" Nikaangalia. Ilikuwa picha ya mchungaji mmoja wa kanisa. Nikasema, "Iko mugonjwa ya ini." Akageuka, akanitazama. "Hapana. Iko muzima sana, kesho anakuja kuchukua bango yake. Mashine ndiyo imemupaka kijani." Akavuta kiti, akakaa kwa hasira. "Jana mashine ilitoa batu bekundu sawa mafuta ya mawese. Leo iko inatoa kijani. Minanunua mashine ya bei hii, na haijui rangi ya mutu mweusi! Wewe unajua?" Nikasema najua. "Bon. Utakaa karibu nayo. Matusi utanitukana jioni."

Hivyo ndivyo nilivyokula chumvi ya adui yangu. Chumba cha mashine kilikuwa ghala la mafuta ya mawese zamani, na harufu ya mawese haikutoka kwenye sakafu, sasa ikachanganyika na harufu ya wino, ile inayokwaruza koo kama petroli iliyotiwa pipi. Dirisha lilikuwa moja. Feni ilikuwa moja, nayo ilielekezwa kwa mashine. Sisi watu tulitoka jasho. Mashine yenyewe ilikuwa ndefu kama jeneza la mtu mrefu, na ndani yake kichwa kidogo kilikwenda kushoto na kulia, kushoto na kulia, kikimwaga wino mstari juu ya mstari. Kwenye kompyuta alikaa Trésor, aliyetoka kumaliza masomo ya informatique, kijana safi, anayeongea polepole. Siku ya kwanza tuligombana. Mimi nilitoa bango nje, nikaliweka mlangoni kwenye mwanga wa jua, nikasema limejaa buluu. Yeye akasema kwenye skrini liko sawa. Nikamwambia skrini ni taa, na hakuna mtu wa Kisangani anayetundika bango lake ndani ya taa. Akanijibu bila kukasirika: "Tonton, na jua ya saa mbili haiko sawa na jua ya saa kumi. Tuchague moja." Alikuwa na haki. Tukachagua jua la saa nne asubuhi, mlangoni, na kila kazi ikawa inapelekwa pale kuhukumiwa. Yeye naye alinifundisha kwamba wino ni lazima ujulikane na kompyuta. Kwa kila aina ya wino na kila aina ya bâche kuna maelezo yake ndani ya kompyuta, profil, yanayoiambia: huu mwekundu ni mkali, upunguze, huu ni dhaifu, uongeze. Ukibadilisha wino bila kubadilisha profil, ni kama kumpa mpishi chumvi ndani ya kopo la sukari.

Mchana tulikula uani, nyuma ya mbao nyembamba zilizotenga chumba na ua. Mama Asha alipika mwenyewe, hakumwamini mtu: lituma, yaani ndizi zilizopondwa vizuri, samaki wa moshi, pilipili ya kutoa machozi. Sahani ilikuwa moja kubwa na kila mtu alikula upande wake. Alikuwa anauliza mambo huku mdomo umejaa, na ulitakiwa kujibu huku wako umejaa pia. Ni pale, siku moja nikiwa bado ndani nafuta kichwa cha mashine kwa kitambaa, nilipomsikia upande wa pili wa mbao akiongea na kaka yake, aliyekuja kutoka rive gauche, ng'ambo ya mto. Kaka alikuwa anasema, "Dada, unalisha batu babili kwa kazi ya mutu mumoja. Huyu muzee ya brashi anafanya nini? Anaangalia. Kuangalia ni kazi?" Nikasikia Mama Asha anatafuna. Kisha akasema: "Kazi ya mapasa inakuja. Ile mama haipendi muchezo. Ninamupa Lofemba ile kazi. Akiweza, anabaki. Akishindwa, anarudi kwake na makopo yake." Nilitoka kula kama kawaida. Samaki alikuwa mzuri lakini sikumbuki kummeza.

Hapa niseme jambo kwa wasomaji wa mbali. Kwetu, anayezaa mapasa, watoto pacha, habaki na jina lake. Mama mwenye kazi ile, mzaliwa wa Isangi, aliyekuwa akiuza samaki na mihogo mitoni, alikuwa Mama Mapasa kwa kila mtu, hata kwa askari wa bandari. Na mapasa hawachezewi. Ukimpa mmoja ndizi, unampa mwingine ndizi, si baadaye, sasa hivi. Ukimsalimu mmoja, unamsalimu mwingine kabla wa kwanza hajafunga mdomo. Ukikosea, mmoja anashikwa na homa, na ukienda kuuliza kwa wakubwa, swali la kwanza ni: nani alipewa, nani alinyimwa? Unaweza kucheka. Mimi mwenyewe ni Mkristo na nilikuwa nacheka. Lakini sijawahi kumpa pasa mmoja pipi.

Mapasa wake walikuwa wasichana wa miaka saba, na mmoja wao alikuwa ametoka hospitali. Homa ya tumbo ilimlaza mpaka watu walianza kuongea kwa sauti ndogo mlangoni. Akapona. Mama Mapasa akaahidi karamu ya shukrani kwake Kabondo, Jumapili, na ngoma za mapasa, na juu ya lango bango kubwa: wasichana wawili wamesimama, wanatazama mbele, mmoja huku na mmoja kule, katikati maneno ya kumshukuru Mungu. Alitaka bango pana kuliko mashine yetu. Hilo halikuwa tatizo. Kazi pana tulizichapa vipande viwili, kisha tunaviunganisha kwa gundi ya moto. Tukafanya kama siku zote. Kipande cha kushoto, msichana wa kwanza. Kipande cha kulia, msichana aliyekuwa mgonjwa.

Kipande cha kwanza kilitoka asubuhi, kizuri, ngozi kama mkate uliotoka sasa hivi. Kisha wino mwekundu ukaisha. Tulikuwa na chupa nyingine, lakini ya muuzaji mwingine, kwa sababu wa kwanza shehena yake ilikuwa bado njiani. Trésor akasema, "Tonton, huu wino kompyuta haiujui." Umeme nao ukakatika, tukawasha groupe, jenereta yetu, mashine ikapoa na kuwashwa upya. Tukachapa kipande cha pili. Tulivilaza viwili pamoja mlangoni. Msichana wa kushoto alikuwa hai. Wa kulia alikuwa na rangi ya majivu yaliyomwagiwa maji.

Na Mama Mapasa hakungoja kuitwa. Alifika na wasichana wenyewe, mmoja kila mkono, wamevaa gauni moja la kitambaa kimoja, kwa sababu alitaka kulinganisha. Alisimama juu ya bâche. Msichana ambaye hakuugua akacheka, akamwambia dada yake, "Ni weye huyo, uko sawa makala ya jiko!" Yule mwembamba, shingo bado nyembamba ya hospitali, akajiangalia pale chini, akajificha nyuma ya kitenge cha mama.

"Maître," mama akasema. "Ni nani alikuambia mutoto yangu amekufa?"

"Mama, ni wino tu. Wino mupya."

"Wino! Mumemuzika. Munataka niweke hii juu ya lango, batu bapite chini yake na kucheza? Na jina ya Mungu juu?" Akamgeukia Mama Asha. "Mama Asha, tunajuana tangu zamani. Kesho narudi. Kama batoto bangu habako sawa, hakuna bango, na Kisangani yote itajua ni wapi mapasa banauawa."

Aliondoka. Mama Asha akaingia ndani kupima bâche iliyobaki kwenye roli. Roli jipya lilikuwa linakuja kwa mashua, na mashua, kila mtu anajua, inakuja inapotaka.

Mchana ule tulifanya lile ambalo kila mtu angefanya. Trésor akakaa kwenye kompyuta akatengeneza uso wa msichana wa pili peke yake: akaongeza wekundu, akapunguza buluu, akaongeza tena. Tukawa tunachapa vipande vidogo vya majaribio kwenye pembe za bâche, uso tu, upana wa sahani. Mimi nakimbia navyo mlangoni. Huyu amekuwa mwekundu. Huyu njano. Huyu anakaribia, lakini wino ukikauka anageuka tena. Nilichanganya rangi halisi kwenye kopo, nikapaka kando ya kipande ili Trésor aone ninachotaka, naye alikubali, alisema ndiyo, naiona, lakini mkono wangu na kompyuta yake havikuwa na daraja. Kila jaribio lilikula bâche. Jua lilipopita mlangoni, Mama Asha akaja akaliangalia roli. "Imebaki kipande moja ya mapasa," akasema. "Moja. Mukikosea, hata ya kukosea tena hakuna." Nikamsikia akisema uani, kwa kaka yake au kwa sufuria, sijui: "Afadhali ningemuacha na makopo yake."

Asubuhi yake nilifika kabla ya mlango kufunguliwa. Sikuwa na mpango wowote. Mama Mapasa alikuwa amenitangulia, amekaa kwenye ngazi na wasichana wake, anawapa mkate. Alikuwa amekata mkate katikati, akaupima kwa macho, akakata kipande kidogo upande mmoja na kukila mwenyewe ili vilingane. Kisha akawapa kwa mikono yote miwili kwa wakati mmoja. Nikakaa karibu naye, nikamwambia ukweli: tunajaribu kumtengeneza yule wa pili, tunamwongezea wekundu, lakini haifiki.

Akaniangalia kama mtoto mjinga. "Munamutengeneza mumoja?"

"Ndiyo mama. Ule mwenye kuharibika."

"Papa, weye uliona wapi mapasa banafanywa hivyo? Hospitali, wakati huyu anakunywa dawa, huyu mwingine alikuwa anakunywa maji ya sukari na kijiko ya namna moja, saa ileile. Haumupi mumoja. Na kunyonyesha, unafikiri nilikuwa nafanya namna gani? Nianze na huyu, halafu huyu? Wa nyuma angelia mpaka afe. Nilikuwa naweka bote babili pamoja, huku na huku, mara moja." Akajipiga kifua kwa mikono yote miwili. "Na kwanza, kwa nini mulibakata? Nani alisema mapasa banakatwa katikati?"

Nilisimama. Niliona kile kichwa kidogo cha mashine kikienda kushoto na kulia. Kila kinapopita, kinamwaga wino uleule, moto uleule, umeme uleule, kutoka ukingo mpaka ukingo. Anayelala kushoto na anayelala kulia kwenye kipande kimoja wananyonya kwa wakati mmoja. Sisi tulimpa mmoja wino wa asubuhi na mwingine wa mchana, halafu tukashangaa. Nikamwita Trésor kabla hajashuka kwenye toleka, baiskeli ya abiria: "Basogeze! Basogeze karibu!" Alidhani nimelewa. Nikamweleza: wasichana wote wawili kwenye kipande kimoja, bega kwa bega, vichwa usawa mmoja, ili mashine iwapake pamoja, mstari kwa mstari. Alifikiri kidogo, akaanza kucheka, akasema, "Tonton, hata wino ukiwa mubaya, utakuwa mubaya sawasawa." Nikasema ndiyo hiyo. Akauliza, na yale maneno ya katikati yatakwenda wapi, bâche haitoshi. Nikamwambia yatakwenda pembeni, na pembeni mwachie mwenye brashi.

Tulichapa asubuhi hiyo, kwenye groupe, mafuta yakiwa machache, Mama Asha amesimama nyuma yangu hata nikasikia pumzi yake. Nywele zilitoka kwanza, nywele za wote wawili. Kisha mapaji. Macho, manne, kwa mstari mmoja. Groupe ikakohoa, taa zikashuka, na nikaona ngozi ikififia kidogo kwenye mashavu. Mwaka ule mzima niliogopa vitu vingi, lakini sikuogopa kama pale. Groupe ikashika tena. Tukabeba bâche ikiwa bado mbichi mpaka mlangoni.

Walikuwa weusi kuliko walivyo. Niseme kweli: walikuwa weusi kidogo, na kwenye mashavu kulikuwa na mstari hafifu pale groupe ilipokohoa. Lakini mstari ulipita kwenye mashavu yote manne. Mama Mapasa aliwavuta wasichana, akawasimamisha juu ya picha zao, akainama, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akarudi kwa wa kwanza. Yule mwembamba akauliza, "Mama, mimi niko wapi?" Dada yake akamjibu, "Sijui. Chagua." Wakaanza kugombana ni nani ni nani.

"Beko beusi," Mama Asha akasema, kwa sauti ya kutaka kumaliza jambo vibaya au vizuri.

"Batakuwa beusi pamoja," Mama Mapasa akajibu. Na ndipo akakaa chini, palepale juu ya saruji, akalia kama mtu aliyekuwa anazuia kilio tangu hospitali. Nikachukua mkate uliobaki kwenye ngazi, nikaukata katikati, nikawapa watoto kwa mikono yote miwili.

Maneno ya pembeni niliyaandika kwa brashi, upande wa nyuma wa bâche iliyoharibika, herufi nyekundu zenye kivuli cha njano, tukaiunganisha kando ya picha, na watu wa Kabondo walisema ni bango zuri kuliko yote yaliyowahi kutoka kwenye mashine. Sikuwasahihisha. Jumapili ile nilicheza chini yake. Jumatatu kaka wa Mama Asha alikuja, akakaa uani, akaanza, "Dada, huyu muzee..." Mama Asha akamwekea sahani mbele. "Kula," akamwambia. "Na sogea, upande hii iko ya Lofemba." Hayo ndiyo yote niliyoambiwa kuhusu kubaki kwangu.

Mwaka uliobaki tulijenga kazi yetu juu ya siku ile. Vitu vinavyotakiwa kufanana havitenganishwi: kama ni sare za kwaya, nembo zote zinachapwa siku moja, chupa moja, kama ni bango la vipande vinne, mshono hauruhusiwi kupita usoni wala nguoni, unapita angani au kwenye majani. Chupa mpya haifunguliwi katikati ya kazi. Trésor aliandika profil ya kila wino, akaniambia ni ya wino gani, nami nikaihukumu saa nne mlangoni. Tuliendelea kugombana. Sasa yeye anaishi Kinshasa, nami nina karakana yangu mwenyewe; ananipigia simu akikwama, nami nampigia nikikwama. Wengi wamesoma kazi hii kwenye vyuo vizuri, na ninawaajiri kwa furaha, lakini wakija kwangu siku ya kwanza ninawaweka mbele ya picha ya watu wawili na kuwauliza: hawa wamelishwa pamoja? Anayejibu kwa kuangalia skrini ninamwambia ainuke, aende mlangoni.

Leo nina mashine mbili kubwa na moja ya fulana. Nina groupe mbili, moja inafanya kazi. Nina nyumba ya matofali Kabondo, vyumba vinne, bati la mwaka juzi. Nina pikipiki ambayo wengine wanaiendesha kuliko mimi. Nina miwani miwili, ya karibu na ya mbali, na mwanga wa saa nne bado naujua bila saa. Nina brashi tisa, zimeoshwa. Na pale kazini, kwenye sahani ya mchana kama ile ya Mama Asha, nina upande wangu. Nikichelewa, chakula cha upande huo hakiguswi.